Kuchonga Mara Kumi na Tano kwa Kipindi

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha mkuu wa idara ya Hisabati na Sayansi kiko wazi! Tunaokitaka ni wawili: mimi na mwalimu wa sayansi, tunayemwita Bi Maabara. Mwalimu mkuu katangaza kwamba atakipata yule ambaye darasa lake litapanda alama zaidi katika mtihani wa Alhamisi. Miaka ishirini na mbili nafundisha, bado nakaa benchi moja na sanduku la chaki. Safari hii hapana!

Jumanne, 4 Machi
Nimefundisha mchoro wa mtawanyiko. Takwimu ninazo: jana, wakati wa zoezi, nilihesabu kila mtoto alikuja mara ngapi kuchonga penseli mezani kwangu. (Wakati wa zoezi sina kazi nyingi.) Mlalo, mara za kuchonga. Wima, alama za zoezi. Kila mtoto nukta moja. Lo! Nukta zikapanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia kama siafu wanaokwea ukuta. Uhusiano chanya, tena uliokolea! Anayechonga sana anafaulu sana. Binti wa dawati la mbele, yule mwenye mdomo, akauliza kama si kwamba anayeandika sana ndiye anayeishiwa ncha. Nikamwambia akae, asituharibie grafu.

Jumatano, 5 Machi
Amri: kila mtoto achonge si chini ya mara kumi na tano. Foleni hadi mlangoni. Bi Maabara akachungulia, akauliza kama nimefungua kiwanda cha mbao. Nikamshauri aanze kuzoea kuniita mkuu.
Nyumbani nikamweleza mama watoto. Akacheka hadi akashika ubavu. Eti kwa hesabu hizo, kwa kuwa kila nikitoka na mwavuli mvua hunyesha, niuache nyumbani jua liwake. Nimelifikiria sana. Linaingia akilini.

Alhamisi, 6 Machi
Kabla ya mtihani nikaongeza mara tano, za kujihami. Balaa! Penseli zimebaki vipande vya ukubwa wa jino. Watoto thelathini na tano kati ya thelathini na sita wanaandika kwa kucha! Nikakimbia kwa Bi Maabara kuazima, jasho shingoni. Akanipa boksi zima, hata hakusita, akanitakia kazi njema, “mkuu”, mbele ya darasa lake lote. Niliporudi, nusu ya muda ilikwisha kwenda.

Ijumaa, 7 Machi
Darasa limeshuka alama kumi na moja. Kiti ni cha Bi Maabara. Aliyeongoza kwangu ni binti wa mbele. Alikaidi amri yangu, hakuchonga hata mara moja. Penseli yake ndefu kama rula.
Nimejifungia, nimejihoji kwa unyenyekevu. Kisha nikachora upya, nukta moja baada ya nyingine. Aliyechonga sana, kaanguka sana. Aliyechonga sifuri, tisini na sita! Zinateremka zenyewe. Uhusiano hasi! Kumbe kosa langu lilikuwa dogo tu: mwelekeo.
Kuanzia Jumatatu, vichongeo ni marufuku darasani.