Nyumba ya Pumzi ya Kinondo

Waheshimiwa masharifu na makadhi, wazee wa baraza pamoja na wake zao kwa utaratibu wa vyeo, walimu, watoza ushuru wa soko, Bwana Mkubwa wa Wilaya, ambaye hajafika lakini heshima yake imefika, nanyi raia watiifu wa Kinondo mlioketi juani kwa hiari yenu: asalaam aleikum! (Wachache waitika.)

Mimi, Mudiri wenu Abdurahman, nimesimama mwaka huu wa 1956 kufungua Skimu ya Nyumba ya Pumzi, ambayo, kwa mujibu wa ripoti ya komiti niliyoiteua, nikaiongoza na kuipongeza mwenyewe, itawawezesha asilimia tisini na tisa ya wagonjwa wa mapafu kulima, kucheza ngoma, kuoa na kuhudhuria mikutano yangu bila kukohoa. (Mtu akohoa.) Huyo ni ile asilimia moja.

Tazameni mfano hai! Mzee Boga, aliyechoma chokaa hadi moshi ukamla mapafu, ameketi hapa kando ya mtungi wa chuma wa oksijeni, yaani hewa ya kitaalamu, mpira wake puani. Mzee, hebu simama, watu waone maisha kamili! (Mzee Boga asimama. Makofi.) Vema. Piga hatua. Tabasamu. (Mzee Boga ashika kiti, kifua chapanda na kushuka.) Hiyo, mabibi na mabwana, ndiyo furaha.

(Bi Mwanarusi, mkewe, apaza sauti: "Bwana Mudiri, fungua mtungi! Mume wangu hapati pumzi!")

Tulia, mama. Kwa mujibu wa protokoli, mtungi haufunguliwi kabla ya utepe kukatwa, na utepe haukatwi kabla ya Bwana Mkubwa kufika. (Bi Mwanarusi aufungua mwenyewe. Mtungi hautoi hata mlio.) Kimya hicho ni ubora wa mtambo!

(Bi Mwanarusi amkalisha mumewe, amwinamisha mbele, viwiko magotini. "Polepole, Baba Mwanasha. Vuta kwa pua, toa kwa midomo, kama mtu apulizaye makaa." Watu wampa Mudiri mgongo. Pumzi yarudi kidogo kidogo. Mzee Boga asema: "Sikutaka makofi, Bwana Mudiri. Nilitaka pumzi ya kunifikisha Msambweni kwa binti yangu, nimpakate mjukuu.")

Ombi limepokelewa, nalo litaingizwa katika awamu ya pili! ("Na ya kwanza iko wapi?" auliza mtu. Kicheko. Kenga, dereva wa lori la nazi, asogea: "Mzee, naenda Msambweni sasa hivi. Panda mbele nami, mama naye apande." Wampandisha taratibu.)

Nikihitimisha, kwa moyo mkunjufu namshukuru fundi Chome, mchomeleaji vyuma, aliyetuazima mtungi wake mtupu, naomba urudishwe jioni. Namshukuru pia mwenye ghala hili, tuliloliita Nyumba ya Pumzi, ambaye kesho atarudisha nazi zake ndani. Na Serikali Kuu, ambayo, inshallah, tutaiarifu siku moja kwamba tungependa kuwa na skimu. Pumzi kwa wote! (Lori laondoka.) Nimesema, pumzi kwa wote! (Wote wanalipungia lori mikono.)