Ufunguo wa Jikoni na Vifuniko Viwili

Jumatatu, 14 Julai

Baridi! Hii ya Kwa Vonza mwaka huu imetumwa. Nimevaa sweta mbili, leso juu yake, na kofia ya sufu aliyoninunulia Gedion. Gedion ni kifungua mimba wangu. Ni injinia kule Malili. Anafunga magurudumu ya malori makubwa. Si kila mtu anaweza.

Wiki ya maombi ya alfajiri imeanza leo. Saa kumi na mbili asubuhi tuko kanisani, tukimaliza tunakula kitu moto, halafu kila mtu anaenda kazi yake. Niliamka mapema nikapika mandazi hamsini. Zimefura kama mashavu ya mtoto! Nikazibeba kwa hotpoti yangu ya kijani. Mama Pasta akafunua. Akafunika. Akaniuliza kwa upole kama jana wakati wa matangazo nilikuwa nimelala.

Nilikuwa nimefunga macho tu.

Kumbe kulikuwa na tangazo. Tangu yule nesi aje kupima presha baada ya ibada, na akina mama nusu wakaambiwa iko juu, Mama Pasta ameamua. Hakuna mandazi. Hakuna mafuta. Hakuna sukari. Vitafunio viwe vya moto, vya afya, vya kutoka shambani kwetu.

Kanyiva alikuwa amesikia. Kanyiva husikia kila tangazo. Ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa minyaa, na kwa maoni yangu ua huo ni mfupi. Alileta viazi vitamu na malenge ya mvuke, bado vinatoa moshi. Watu walikula wamefunga macho kuliko walivyoyafunga wakiomba.

Halafu pigo. Askofu anakuja Jumapili. Ijumaa hotpoti zote zitapangwa mezani bila majina, watu wajichagulie. Ile itakayoisha kwanza, mwenyewe atapewa ufunguo wa jiko la kanisa na asimamie chakula cha Askofu.

Ufunguo! Huo ufunguo uko kwa kamba kiunoni mwangu miaka tisa. Naoga nao.

Mandazi arobaini na tisa zimerudi nyumbani. Moja alikula mzee Nzomo, amejificha nyuma ya tangi la maji.

Jumanne, 15 Julai

Nilimpigia Gedion simu jana. Mtoto akisoma, mzazi hapotei. Akaniambia watu wa Nairobi wakitaka afya wanakula oti. Nikakimbia kwa duka la Halima, nikapata pakiti moja ya mwisho. Nikajua nimeshinda.

Zilikataa kuwa uji. Zikakataa kuwa ugali. Nikazimwaga kwa hotpoti hivyo hivyo, nikatangaza kwamba hiki ni chakula cha wataalamu. Mwalimu wa Sunday school akaniuliza kama ni gundi. Kabla nijibu akachota kidogo kwa gazeti akaenda kubandika picha za watoto. Picha zimeshika vizuri sana, lazima niseme ukweli.

Na Kanyiva je? Kanyiva alileta mbaazi mbichi, zimechemshwa na maganda yake na chumvi kidogo. Basi! Nzuu tu, mbaazi za kawaida ambazo kila mtu anazo shambani mwezi huu! Lakini wazee walizishika kwa viganja kujipasha moto kabla ya kuzimenya. Musyimi, mmoja wao, alijaza mifuko yote miwili ya koti. Akasema tangu Juni hajasikia mapaja yake, na leo ameyasikia. Watu wakacheka, wakamwambia Kanyiva yeye ni daktari.

Daktari! Mimi nina mtoto injinia na sijawahi kujiita kitu.

Jumatano, 16 Julai

Nilienda kupeleleza. Nikavuka ua na kikombe, eti naomba chumvi.

Nilitegemea mtu afiche sufuria. Mwenye siri huificha, sivyo? Huyu alinivuta kwa mkono hadi mekoni, akanionyesha kila kitu. Mbaazi zisichemke sana. Malenge yasimenywe. Njugu zikaangwe bila mafuta, na moto uwe wa makaa yaliyotulia. Akanieleza mpaka nikachoka. Ni mtu gani anatoa siri zake zote? Ni yule ambaye ana nyingine kubwa zaidi.

Halafu akaniambia, dada, kwa nini unahangaika na oti? Leta ule uji wako wa wimbi. Akasema alipojifungua Yvonne kwa upasuaji, nilivuka ua kila asubuhi na thamosi ya uji huo, mwezi mzima, na mpaka leo hajaonja kitu cha kuushinda. Uji mchachu, hauna sukari, una moto. Akasema ningeupeleka Ijumaa hakuna hotpoti ingeonekana.

Nilikuwa nimesahau huo mwezi. Ama sijasahau, ila siku hizo hakuwa bado anapika vizuri kuliko mimi.

Bila shaka ni mtego. Mshindani wako akikuambia pita hapa, wewe pita pale. Sipeleki uji.

Alinipa bakuli la mbaazi nimletee Baba Gedion. Munyao wangu si mtu wa maneno. Miaka thelathini nampikia, akishiba anapangusa mdomo anatoka. Leo alikula, akauliza kama zimebaki.

Sijalia. Ni vitunguu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata! Akili nilizompa Gedion zimebaki kidogo kwangu.

Mwaka juzi Halima alileta katoni ya hotpoti za kijani, na akina mama wote tukanunua. Zimefanana kama mapacha. Ndiyo maana kila mtu ameweka alama ya rangi ya kucha ndani ya kifuniko. Yangu ni msalaba mwekundu. Ya Kanyiva ni nukta mbili za zambarau. Na kesho Mama Pasta atajua mshindi kwa kupindua kifuniko.

Kifuniko! Si hotpoti, ni kifuniko!

Basi kesho, Pasta akiombea, macho yote yamefungwa, mimi nabadilisha vifuniko viwili. Chakula cha Kanyiva kinakuwa changu. Changu kinakuwa cha Kanyiva. Na kama changu ni cha Kanyiva, ya nini nijisumbue kukipika vizuri?

Nikaenda kununua magadi. Kila mama Ukambani anajua, ncha ya kijiko inalainisha sufuria nzima ya isyo, mahindi na maharagwe yake yote. Nikaomba pakiti tatu. Halima akaniangalia juu ya miwani, akauliza, Mama Gedion, ni ya watu ama ni ya ng'ombe? Nikamwambia ni ya afya.

Mchana nilifanya mazoezi mezani, macho nimefunga, vifuniko mkononi. Munyao akaingia akauliza nafanya nini. Nikamwambia naomba. Akasema basi niombee na mbuzi, haijala tangu jana.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kabla hata sijavua kofia.

Nilipika isyo ya mahindi na maharagwe. Magadi vijiko vinne. Ilitoka ya njano kama koti la mvua, inateleza, inanuka sabuni ya kufulia. Nikafurahi sana. Nikapeleka mapema, nikaiweka ya tatu kutoka dirishani. Kanyiva alikuwa amefika kabla yangu, hotpoti yake ni ya nne. Nikatoka nje kusalimia watu. Nilipomaliza kuwaambia habari za Gedion tukaingia.

Pasta akaanza kuomba. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wanafunzi. Alipofika kwa walio safarini nikasimama pole pole. Ya tatu. Ya nne. Kifuniko huku, kifuniko kule. Hata havikulia! Nikarudi nikakaa. Nikachungulia kwa jicho moja. Kanyiva alikuwa amefunga macho, midomo inacheza. Nikamhurumia kidogo.

Tukala. Vifuniko vikalazwa kila kimoja nyuma ya hotpoti yake. Ile ya nne ilikuwa na mbaazi, vipande vya malenge na njugu juu, na iliisha kabla hata foleni haijafika katikati. Musyimi alikuja na koti lenye mifuko minne. Ile ya tatu, mzee Nzomo alionja kijiko kimoja. Akatoka nje. Tulimsikia akisukutua kwa tangi.

Mama Pasta akachukua kifuniko cha hotpoti ya nne. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, nimenyoosha leso.

Nukta mbili za zambarau.

Nikakaa. Nikasimama tena. Akachukua cha ile ya tatu, akakipindua mbele ya kanisa lote, na msalaba wangu mwekundu ukaniangalia. Mtu akanong'ona, kumbe ni Mama Gedion. Mwingine akasema pengine mzee wake ni mgonjwa, ana mawazo.

Lakini nilibadilisha! Kwa mikono hii!

Nilifungua kamba kiunoni mwenyewe. Miaka tisa. Fundo lilikuwa limekauka, likakatwa kwa kisu cha viazi.

Kanyiva akanivuta kando, machozi yanamtoka. Akaniambia, pole dada, nilijaribu. Akasema nilipotoka kusalimia watu alifunua hotpoti yangu, akitumaini nimeleta uji. Akasikia harufu ya magadi. Akajua pakiti ya magadi imeniteleza mkononi, kwa baridi hii vidole havishiki. Akasema hangeweza kuona nikiaibishwa, mtu aliyemlisha mwezi mzima. Kwa hivyo akabadilisha vifuniko, yake iwe yangu na yangu iwe yake, nibaki na ufunguo wangu. Halafu akakaa, akafunga macho, akaniombea.

Akasema hajui vilirudi vipi mahali pake. Labda Mungu hapendi uongo, hata wa huruma.

Nikasema amina.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefikiria jambo hili tangu niamke na nimeona ukweli. Mwenye makosa ni Kanyiva.

Nani alimruhusu kufunua hotpoti ya mwenzake? Hiyo ni tabia? Na kubadilisha vifuniko kanisani! Kama angekaa kimya na mikono yake, mpango wangu ungeenda sawa na sasa hivi ningekuwa na ufunguo. Mtu hawezi hata kufanya jambo lake bila jirani kuingilia.

Nilimweleza Munyao yote. Akauliza, kwa hivyo ungekaa tu na kuomba, ungeshinda? Nikamwambia hajaelewa.

Saa nne Kanyiva akaja, ufunguo wangu unaning'inia kiunoni mwake kama mgeni. Akaniomba nimpikie Askofu uji wa wimbi. Akasema bila mimi hawezi. Nikaona mtego tena. Lakini nikikataa atamwambia nani? Kasyoka? Kasyoka anachanganya wimbi na unga wa ngano! Nikakubali, kwa ajili ya Askofu tu.

Jumapili, 20 Julai

Askofu amekunywa vikombe vitatu!

Kulikuwa na ukungu, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kusalimia watu. Akashika kikombe kwa viganja viwili, akapuliza, akanywa. Akauliza ni nani amepika. Kanyiva angeweza kusema sisi sote. Alinionyesha kwa mkono, akasema kwa sauti, ni Mama Gedion, ndiye aliyenilisha nilipokuwa siwezi kuinuka. Kanisa likapiga makofi. Nikamwambia Askofu nina mtoto injinia.

Baadaye tukiosha vyombo, Kanyiva akafungua kamba, akanifunga ufunguo kiunoni yeye mwenyewe. Akasema Mama Pasta amekubali. Akasema ufunguo umezoea kiuno changu, kwake ulikuwa unamkwaruza. Tukakumbatiana. Nililia. Ni moshi.

Sasa niko nyumbani, nimekaa, nimefikiria vizuri. Ni mtu gani anashinda ufunguo halafu anaurudisha hivi hivi? Umekaa kwake siku mbili. Siku mbili zinatosha kabisa mtu kuchonga mwingine! Na kwa nini Askofu, uji wangu bado mdomoni, alimwomba Kanyiva mbaazi ampelekee mkewe? Mfuko mzima! Mimi sikuombwa hata thamosi.

Kesho Halima akifungua tu, nanunua kufuli mpya ya jiko. Zinakuja na funguo tatu. Zote tatu zitakaa kiunoni mwangu.

Munyao ameuliza kama Kanyiva hatapewa hata mmoja, kwa wema wake wote.

Nimemwambia aende alishe mbuzi.