Nyoka wa Ghorofa ya Pili

Tarehe 3 Machi, siku ya Zohali

Nimeichoka ghorofa ya tano! Njiwa kichwani, mvua kitandani, maji ya kupandisha ngazi zisizo na mwisho. Mchoraji mwenye kipaji kama mimi, niliyefika hadi mji wa Kapua na kurudi! Leo Hilarus, msimamizi wa jengo letu, kaniita pembeni. Ukuta wa ghorofa ya pili umepasuka toka sakafuni hadi darini, ufa umepindapinda, kidole kinaingia. Mwenye jengo anakuja siku ya Mirihi. Nikiuficha, chumba kitupu cha hapo ni changu. Nikamwambia kampata fundi. Akasema hajampata fundi, kampata mtu wa bure.

Tarehe 4, siku ya Jua

Nimeuziba ufa kwa chokaa, imedondoka yote. Nikakaa kuutazama ufa, nao ukanitazama. Kisha, jamani, akili yangu! Ufa umejipinda kama nyoka. Na nani mtaani kwetu Subura hamjui nyoka wa ukutani, mlinzi wa nyumba? Kila kichochoro kimemchora ili watu wasikojoe hapo. Nikampa magamba ya kijani, kishungi chekundu, ndevu, na chini yake madhabahu. Hilarus kasema anafanana na mama mkwe wake, hasa ndevu. Basi kazi ni nzuri.

Tarehe 6, siku ya Mirihi

Mwenye jengo kaja, kamwona nyoka, kajifunika kichwa kwa joho na kuomba dua. Ufa hakuuona! Nimehamia. Jirani yangu ni Bibi Obellia, mjane. Miguu imemvimba, ulimi mzima. Kanikaribisha vizuri: karibu mjukuu wangu, ila ukikoroma nakumwagia chungu cha mkojo. Kisha kanipa uji wa dengu na kunishonea joho. Tayari nampenda kama mama. Kamwekea nyoka yai. Yai nimelila mimi. Nyoka hakulalamika.

Tarehe 8, siku ya Mushtarii

Jengo zima linaleta mayai na maandazi ya asali. Nimenenepa. Nyoka naye kanenepa! Juzi ufa ulimeza kidole, leo unameza ngumi. Bibi Obellia anapiga vigelegele, eti sadaka zimepokelewa. Nimemwongezea nyoka magamba.

Tarehe 9, siku ya Zuhura

Fitina! Trebius, mwashi anayekaa chini, kapanda na patasi. Kasema mlango wake haufungi tena, ukuta lazima ufunguliwe, utiwe nguzo. Wanawake wakamzingira. Amtie patasi mlinzi wetu? Bibi Obellia kamwambia ajaribu tu, mkono umkauke kama kuni ya mtini, halafu tuone atajikunia nini. Trebius akanigeukia mbele ya wote: we Pacuvius, chini ya rangi kuna nini? Macho yote kwangu. Nikawaza chumba changu. Nikawaza mayai. Nikajibu kuna ukuta, ulitaka kuwe na nini, samaki? Watu wakacheka. Trebius katema mate, kafungasha, kahama na wanawe kabla jua halijazama. Mwoga mkubwa!

Tarehe 11, siku ya Jua

Mkwe wa Bibi Obellia kaja kutoka mji wa Tibur na nyumbu wa mizigo, amchukue akaishi kwao. Bibi kafunga sufuria zake, kisha kasita, kaniita. Mjukuu wangu, wewe ndiye uliyemchora, unamjua. Usiku namsikia anasaga meno. Niende au nibaki?

Nilifungua kinywa niseme nenda. Naapa nilikifungua. Lakini akienda, wote watauliza kwa nini, na dengu nitapikiwa na nani? Nikamwambia nyoka akisaga meno ujue kashiba. Kacheka hadi machozi. Nyumbu karudi Tibur mtupu. Bibi kanipikia dengu kwa nyama ya nguruwe. Hazikushuka vizuri. Kesho kutwa nitamwambia ukweli. Kwa heshima, polepole.

Tarehe 13, siku ya Mirihi

Nilipitia hamamu kuoga kwanza, niwe msafi wa kusema ukweli. Nikiwa ndani ya maji nikasikia ngurumo. Mbingu safi. Nilipofika nyumbani kulikuwa na vumbi tu, na njiwa wakizunguka hewani wakitafuta paa. Tukachimba kwa mikono. Trebius alikuwa wa kwanza kuja. Bibi Obellia tulimkuta kashika yai. Yai zima.

Tarehe 15, siku ya Mushtarii

Tumeuchoma mwili wake nje ya lango la mji, kama ilivyo desturi. Nimemvika joho langu, lile alilolishona. Nililia hadi waombolezaji wa kukodi wakaniomba nipunguze, nawaharibia kazi.

Tarehe 17, siku ya Zohali

Hilarus mzima, yeye halali kwenye majengo anayoyasimamia. Kanipeleka jengo jingine ng'ambo ya mto Tiber. Kasema kuna chumba, ghorofa ya kwanza, na kazi ndogo. Nikamwapia, mkono juu ya madhabahu, kwa roho ya Bibi Obellia: nyoka sichori tena maishani!

Nikaingia. Nyufa mbili, bega kwa bega, zimepinda zikitazamana.

Nimekaa tangu mchana nikizitazama, na sasa nimelijua kosa langu. Yule wa kwanza alikuwa mpweke! Hawa watakuwa mume na mke. Jike nitampa jina la Bibi Obellia. Angefurahi sana, na yai la kwanza nitamwekea mimi mwenyewe.