Koleji Mbili, Ahadi Moya

Siku ya kazi moya, 27 Octobre

Imebakia siku tano. Ile koleji ya Amerika ya ku baridi inasema hivi: ukituma dossier, karatasi zako za kuomba nafasi, mapema, mwisho tarehe moya ya Novemba, banakuangalia mbele ya batu bengine. Lakini unaahidi. Bakikukubali, unaenda, na koleji zingine zote unaziacha. Hakuna kugeuka.

Nilisoma hii yote mu telefone, nyuma ya ukuta ya ofisi ya council, kwenye réseau inashika. Vile vile njo nilijifunza hesabu na Kingereza, miye peke. Sasa niko na woga mara mbili. Bakinikataa, mji yote huku Nchelenge itanicheka. Bakinikubali, kuna ndege. Na mi nilitapika mu bwato kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, mpaka huku, siku yenye ziwa ilikuwa imetulia.

Tena kuna Keren, jirani. Alimaliza sekondari na pointi za kutisha. Anataka koleji ile ile. Bazungu hawawezi kukamata batu babili ku mutaa moya! Nilienda kumuambia kule bidole ya miguu inakatika na baridi, asubuhi banaifagia. Akaniuliza inakatika na soksi ama bila soksi.

Kazi mbili, 28 Octobre

Karatasi inaomba signature ya muzazi. Muzazi wangu ni Tantine Pierrette, mwenye alinilea. Anauzisha samaki. Akauliza anaahidi nini. Nikamuelezea. Akasema, kumbe ni kitambaa. Huku ku pwani, mama akitaka samaki ya bwato fulani, anafunga kitambaa yake ku bwato mbele iondoke. Ikirudia, samaki ni yake, mwingine hagusi. Nikasema njo vile. Akatia signature, akaniinulia kidole: kitambaa moya, Hugues. Nikamuambia asinitukane.

Kazi tatu, 29 Octobre

Zogo ku pwani. Florent, muvuvi, alikubali bitambaa mbili: ya Tantine kwa mbele, ya Maman Clémentine kwa nyuma, chini ya wavu. Asubuhi bamama bote babili banamungoja na mabeseni. Maman Clémentine akamuuliza kama bwato yake imezaa mapacha. Sasa hakuna mama atanunua kwake tena, hata chisense moya, kale kasamaki kadogo. Samaki inaoza, nzi inakula.

Halafu nikamuhubiria Florent juu ya ahadi. Muda murefu. Akauliza kama nimemaliza, juu nimesimama ku wavu yake.

Kazi tano, 31 Octobre

Keren alishatuma! Kazi moya asubuhi, mbele nimuambie ya bidole. Nafasi yangu amekalia. Ama hajakalia. Sikukula.

Kuna koleji ingine, ya ku bahari, ya joto. Nayo inaomba ahadi ile ile. Nikichagua baridi, Keren ananipita. Nikichagua bahari, pengine baridi ndiyo ilikuwa inanitaka. Mikono inatoka jasho mpaka telefone inakataa kidole.

Signature ya shule ni ya Mwalimu Davies. Anafundisha batu bazima, miye ananiacha nikae nyuma. Mbele ya kutia signature alinisomesha kwa sauti: koleji moya tu. Nilisoma muzuri sana. Alifurahi.

Siku ya posho, 1 Novembre

Nimetuma. Zote mbili.

Tantine nilimuambia karatasi ya kwanza iliingia maji, atie signature ingine. Mwalimu Davies, vile vile. Maji ni ya kweli. Ni miye nilimwaga, lakini ni ya kweli. Moyo inapiga sawa injini yenye mafuta mubaya. Mbwa akibweka nazani ni Amerika.

Kazi tatu, 5 Novembre

Mwalimu Davies alikuja kwetu na telefone mu mukono. Kila koleji ilimuandikia kumushukuru juu ya mwanafunzi mwenye amechagua koleji moya tu. Akaonyesha Tantine. Tantine akaniangalia mbele na nyuma, vile anaangaliaka samaki ya jana. Mwalimu akaandikia zote mbili ukweli, palepale, na kidole moya, polepole. Jibu ilikuja mbele ya jua kushuka. Ya baridi imenitoa. Ya bahari imenitoa.

Tantine akaenda pwani bila kuniita nibebe beseni. Iyo iliniumiza kupita yote.

Keren alipita. Akasema mu Januari kuna mulango ya kawaida, bila ahadi, batu banatuma hata mara kumi. Atanisaidia. Ni mutoto muzuri, Keren, lakini hana akili ya mbali. Mi nilishasoma: Januari kuna tena mulango ya pili ya ahadi. Kosa ya Florent nimeiona. Alikubali bitambaa mbili ku bwato moya.

Mi niko na majina mbili ku karatasi ya kuzaliwa. Hugues ameharibika, sawa. Stéphane hajaahidi mutu.