Mstari Uliochelewa

Jumamosi, 3 Februari

Nadai, na dai hili nitalitetea mbele ya yeyote: mimba ni suala la akili kabla ya kuwa suala la tumbo, na mume aliyesoma anaweza kuisimamia kuliko wanawake wote wa jengo hili kwa pamoja. Nina shahada ya falsafa. Tiba ya Wayunani nimeisoma kwa hiari yangu.

Mke wangu, Nihal, amechelewa kuziona siku zake. Hakusema, nilimwona akihesabu kwa vidole huku akiosha mchele. Mwaka jana mimba ilitoka changa, jengo zima likiwa limekwisha kujua, na kwa muda mrefu hakuweza kushuka ngazi bila kupewa pole. Sasa ameniomba jambo moja tu. Asijue mtu mpaka miezi mitatu ipite, na wa kutangaza awe yeye. Nimekubali. Kwa heshima yangu!

Kipimo nimekinunua kwa usiri wa hali ya juu. Sikushuka. Niliteremsha kapu kwa kamba kutoka roshani yetu hadi mlangoni pa duka la dawa, nikaagiza kwa simu kifungwe katika mfuko mweusi. Kapu likiwa njiani kupanda, mkono ulitokeza ghorofa ya tatu ukaikamata kamba. Alikuwa mama yangu, mkazi wa hapo! Akauliza nani mgonjwa. Nikajibu ni dawa ya meno.

“Dawa ya meno kwenye mfuko mweusi, Lutfi?”

Hapa Tanta, Misri, mfuko mweusi ni wa mambo ya wanawake, na kila mtu anajua. Sikuwa nimelizingatia hilo. Akaiachia kamba huku akiimba.

Jumapili, 4 Februari

Alfajiri, mkojo wa kwanza, kama karatasi ya maelekezo inavyotaka. Tukangoja dakika tano. Mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Nihal alisema pengine tumepima mapema mno, atarudia baada ya wiki. Akaenda shuleni kufundisha, maana kwetu Jumapili ni siku ya kazi, bila kumaliza chai. Uso ule! Sikuweza kuuvumilia.

Karatasi inakataza kusoma kipimo zikishapita dakika kumi. Nauliza: tangu lini ukweli ukawa na tarehe ya kuharibika, kama maziwa? Nikakiweka dirishani. Adhuhuri, mstari wa pili! Hafifu, wa kijivujivu, lakini mstari.

Sikumwambia mtu. Nilimuuliza mama, kinadharia tu, iwapo mwanamke fulani, mahali fulani, aliye katika hali fulani, anafaa kupanda ngazi na mizigo. Mama alifungua mlango, akapiga vigelegele mpaka njiwa wa paa la jirani wakaruka.

Jumatatu, 5 Februari

Nimebuni mfumo kamili wa starehe ya mjamzito. Alale ubavu, hasa wa kushoto, mto ukiwa katikati ya magoti. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Biskuti kavu kabla ya kuinuka kitandani, kuzuia kichefuchefu. Maji ya kutosha. Vidonge vya asidi ya foliki. Matembezi mafupi jioni. Kahawa nimeificha juu ya kabati.

Mfumo haukuishi hata siku moja. Nihal alirudi kutoka kazini akamkuta mama sebuleni na supu. Mama akamtaka aseme upesi anatamani nini, maana hamu isiyotimizwa humwachia mtoto alama mwilini.

“Mtoto gani, mama?” Nihal akauliza, mkoba bado begani.

“Usinifiche, binti yangu. Hata Um Karam wa chini ameshapiga simu ya pongezi.”

Nihal hakupaza sauti. Alikunywa ile supu yote, kwa adabu, mpaka mama akaondoka. Ndipo nikamwonyesha mstari wangu. Hakutaka hata kukishika kipimo.

Jumanne, 6 Februari

Nilishuka kwa Daktari Safinaz, mwenye duka la dawa, ili athibitishe. Hakuthibitisha! Alisema mstari unaojitokeza baada ya muda ni alama ya mkojo uliokauka tu, hausomwi. Tusubiri siku kadhaa turudie, au Nihal akapime damu. Nikamfafanulia tofauti kati ya kitu kutoonekana na kitu kutokuwepo. Wateja walisikiliza. Um Karam alikuwa wa mbele.

“Ustadhi Lutfi,” akasema Daktari, “mimi nauza dawa ya kikohozi. Ya ubishi haijaletwa.”

Wakacheka! Mtu mwenye shahada!

Habari ilinitangulia kupanda ngazi. Jioni Nihal alifunga begi kwenda kwa mama yake, katika mji wa Mahalla. Kila ghorofa mlango ulifunguliwa, na kila mlango ulimpa pole. Kwenye teksi alisema, “Mwaka jana nililia mtoto. Leo wananipa pole, na sijui nimlilie nani.”

Nilimfungia mlango wa gari taratibu.

Jumanne, 13 Februari

Nihal amepiga simu! Amerudia kipimo: mistari miwili, mizito, ndani ya dakika tano. Damu nayo imethibitisha. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Anarudi kesho. Akaniambia, “Hata mama yangu hajui. Ni wewe peke yako, Lutfi. Nikipita kwenye ngazi zile, nataka waniulize habari za hali ya hewa.” Nikaapa.

Lakini tufikiri kwa utulivu. Mstari wangu wa adhuhuri ulisema kweli kabla ya wakati wake! Kunyamaza ni kuuacha uongo wa Daktari Safinaz utawale, na kiapo cha ndoa hakimlazimishi mtu kuusaliti ukweli. Hivyo nimeweka hoja yangu katika kundi la wakazi kwenye simu. Nimemlinda Nihal kikamilifu: jina lake sikulitaja, nimeandika tu “mke wa mkazi mmoja wa ghorofa ya nne.” Ghorofa ya nne ina nyumba moja.

Nimehitimisha hivi: “Namtaka Daktari Safinaz akiri kosa lake au alete hoja yake, kwa maandishi, humuhumu, mbele ya wakazi wote, kabla ya sala ya Ijumaa.”

Wamekwisha kusoma wote. Vigelegele vinatoka ghorofa ya tatu. Daktari bado hajajibu. Ajibu!