Wakulima Sitini wa Kwapa

Jumamosi, 10 Mei, Busia
Hojaji sitini kwa siku moja! Na sijatoka kwa shangazi. Wenzangu wako upande wa Uganda wanauliza wakulima habari za mihogo. Carol, mpenda sifa, ametembea Merikit yote kwa miguu. Pole yake. Mimi wakulima wangu wa eneo la Kwapa nimewatunga mwenyewe, na ni watu wazuri sana, hakuna anayekataa swali. Nimeandika kwamba leo asubuhi nimewakuta wote shambani, jembe mkononi. Bila utafiti huu sihitimu. Sasa nahitimu, Wesonga mimi!

Jumatatu, 12 Mei
Nimekabidhi kazi kwa Daktari Apendi, msimamizi wetu. Akaisoma polepole. Akauliza kama kweli Jumamosi niliwakuta wote wakilima. Nikasema ndiyo Daktari, jasho linawatoka. Akasema ajabu, maana Jumamosi Kwapa kulikuwa na maziko, na siku ya maziko kule hakuna anayegusa jembe. Nikasema labda hao sitini hawakupata habari. Akasema aliyezikwa ni baba yake mdogo.

Lo! Nikampa pole. Akanirudishia hojaji zangu zote.

Jumatano, 14 Mei
Carol anasema nitafukuzwa. Kasema kwa huruma, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Lakini naogopa kweli. Mama ameshatangazia kanisa zima habari za mahafali yangu.

Daktari amenipa nafasi ya mwisho: niende mwenyewe, nizungumze na kila mkulima, uso kwa uso. Nikidanganya tena, nyumbani bila shahada. Nimeapa mbele yake. Machozi yalinitoka, na hayo hayakuwa ya kutunga.

Ijumaa, 16 Mei, Kwapa
Nimefika! Viatu tope tupu. Mkulima wa kwanza, Mzee Owor, kanikaribisha kwa mihogo na karanga, akanieleza magonjwa ya mihogo saa mbili nzima. Kumbe utafiti ni mtamu!

Halafu jua likawa kali. Nikafikiri: mzee anawajua majirani wote, ya nini kusumbua watu? Nikamuuliza tu huyu angesema nini, na yule je. Akacheka, akanijibia wote. Sitini kabla ya saa kumi, na kila jibu limetoka Kwapa kwenyewe! Nani ataniita mwongo?

Mzee amefurahia ugeni, maana Jumamosi iliyopita alimzika mdogo wake. Anasema binti yake anafundisha chuoni kwetu, na Jumapili anakuja kumwona. Nimemwomba amsimulie tulivyofanya kazi, mwanzo mpaka mwisho, asiache kitu.