Mtu Haombwi Mara Moja

Alhamisi, 10 Julai

Tumefika kambi ya Ziwa Tamarack, huku huku kwetu Minnesota. Kiwanja chetu kimechukuliwa.

Nasema chetu. Kwenye karatasi si chetu, najua. Lakini mimi na Marlys tumeegesha trela letu la kulala kiwanja namba 22 kila Julai, tangu binti yetu angali na meno ya utoto, na sasa ana mtoto wake mwenye mapengo. Mwaka huu, nafasi zilipofunguliwa kwenye kompyuta, nilikuwa nimeinama natafuta miwani. Nilipoinuka, 22 ilikuwa imekwenda. Tumepewa 31. Kutoka 31 ziwa hulioni. Unaona choo.

Aliyekaa 22 anaitwa Randall Pruitt. Mtu wa Oklahoma, amefiwa na mke. Nyumba yake ya magurudumu ni ndefu kuliko kanisa letu. Akibonyeza kitufe, ubavu unatanuka na sebule inaongezeka. Turubai lake linajikunja lenyewe upepo ukija. Ana jokofu la nje la bia tu! Letu ni moja, la kila kitu, na halifanyi kazi mpaka ulipige teke.

Nikaanza kuingiza trela kinyumenyume, watu wote wanatazama. Marlys nyuma, ananiongoza kwa mikono. Akaonyesha kushoto. Kumbe kushoto kwake. Nikagonga nguzo ya bomba la maji. Kidogo. Randall akaja mbio, akaingiza mkono dirishani akashika usukani wangu. "Taratibu, kaka, taratibu. Haya, nyoosha." Trela likaingia kama droo. Marlys akampigia makofi. Miaka yote ya ndoa yetu sijapigiwa makofi kwa kurudi nyuma.

Roho inaniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusemea.

Ijumaa, 11 Julai

Habari kubwa. Kukaa karibu na choo kuna faida yake, maana ubao wa matangazo uko hapo mlangoni. Wanatafuta mwenyeji mpya wa kambi, kuanzia wiki ijayo hadi majani ya miti yaanze kugeuka rangi. Mzee aliyekuwepo magoti yamemshinda. Kazi ni kuzoa majivu, kuelekeza wageni, na kuwaambia watu wapunguze muziki. Ukifanya hivyo unapewa kizibao cha kijani kilichoandikwa MWENYEJI mgongoni. Na mwenyeji mpya anahamishiwa kiwanja 22.

Nimesoma mara nyingi. Kiwanja 22! Kiangazi chote kilichobaki, miguu majini, mimi na kizibao changu. Randall muda wake wa kukaa unaisha Jumatano. Aondoke, niingie. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nimtake Marlys.

Anayechagua ni askari mpya wa hifadhi, Bi Yesenia Cantu, kijana kutoka Texas, mtu wa maneno machache. Bila shaka sikwenda kuomba. Huku kwetu mtu haendi kujiombea cheo. Anajiweka mahali pa kuonekana, kisha anasubiri aombwe. Nimeshinda asubuhi nzima nikiokota takataka mbele ya ofisi yake. Takataka zikaisha. Nikatupa zangu, nikaziokota.

Jioni Randall alichoma mbavu za nguruwe. Moshi wote ukaja kwetu. Kisha akaja mwenyewe na sahani imejaa, akatukaribisha. Nikasema hapana asante, tumeshakula. Hatukuwa tumekula. Lakini mtu wa Minnesota mwenye malezi hapokei kitu mpaka aombwe mara tatu. Mara ya kwanza ni salamu tu. Ya pili wanakupima. Ya tatu ndiyo yenyewe, hapo unasema haya, kipande kidogo basi. Kila mtu anajua.

Randall hajui. Akasema, "Poa, jirani, ulale salama," akaondoka na sahani yake. Nikabaki nameza mate. Marlys hakubaki. Alimfuata hadi 22, akasema yeye hajashiba, akala huko huko. Aliporudi nikamwambia malezi yamemwishia. Akajibu kwamba malezi hayajazi tumbo.

Jumamosi, 12 Julai

Randall naye anakitaka kizibao! Marlys ndiye aliyeniambia, kama habari njema. Ati tangu afiwe hapendi kukaa kwenye nyumba kimya, angefurahi kubaki hapa kati ya watu. Nikasema maskini. Moyoni sikusema maskini.

Kambi nzima inampenda. Amewafundisha watoto wa kiwanja 27 kufunga ndoana. Amemtengenezea bibi wa 19 jiko la gesi. Marlys anachekea utani wake mpaka anashika mbavu. Utani wenyewe nimeusikia, ni wa mchungaji na ng'ombe, na hauchekeshi. Mchana nikamsimulia mimi. Marlys akasema hivyo sivyo.

Lakini leo Mungu amenikumbuka. Nilikuwa napita karibu na 22, si ndani, maana kukatiza kiwanja cha mtu ni ukosefu wa adabu, ila kwa pembeni kidogo, karibu na kichaka, nimeinama. Nikaona kuni. Rundo zuri, kavu, zimepasuliwa kwa ustadi. Hazina ule mkanda wa njano wa kuni zinazouzwa getini. Maana yake zimetoka nje! Sheria ya huku ni moja hata watoto wanaiimba: kuni za nyumbani zibaki nyumbani, kwa sababu ndani yake mna wadudu wanaomaliza msitu. Mtu wa Oklahoma ameleta wadudu Minnesota, halafu anataka kizibao.

Nikaenda ofisini. Huku hatushtaki mtu, tunataja tu. Nikamwambia Bi Cantu kwamba nina jambo linanikaa vibaya moyoni. Kuna kuni za nje zimeingia kambini. Ziko 22. Pengine si kitu, asijisumbue.

Akasema atajisumbua.

Jumapili, 13 Julai

Nilitoa kiti mapema ili nione vizuri.

Bi Cantu akafika 22, akaonyesha kuni, akauliza zimetoka wapi. Randall akakuna kichwa. Alikuwa hataki kusema, akiangalia viatu vyake. Ndipo Marlys, aliyekuwa pale anakunywa kahawa yake, akasema kuni ni zetu. Zimetoka bandani kwetu, nyumbani St. Cloud. Alizificha chini ya kitanda cha trela kwa sababu za getini huwa mbichi na mimi huzilalamikia kila mwaka. Akampa Randall kwa kutusaidia na trela.

Kuni zangu! Nilizipasua mwenyewe, na jana nikazisifu bila kuzitambua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na kiti changu.

Kisha likatokea jambo. Bi Cantu alinigeukia mbele ya watu wote. Akasema ameona mengi katika kazi hii, lakini hajapata kuona mtu anayekuja kwa hiari yake kuzitaja kuni zake mwenyewe, hata ikiwa mkewe ndiye atakayeumbuka. Nikafungua mdomo nirekebishe. Nikaufunga. Nikasema haki ni haki.

Adhabu yetu ilikuwa kuzichoma zote leo leo, lisibaki hata ganda. Moto mkubwa, juani, Julai. Watu wakaja na viti vyao. Randall akaleta soseji akawapa wote, akasema kwa sauti kwamba mtu kama mimi, Orrin, ni wa kuigwa. Bibi wa 19 akanishika mkono. Nikakubali kuigwa.

Marlys alisubiri mpaka watu watawanyike. "Orrin, mimi si mtoto. Ulikwenda kumchongea." Nikasema nilikuwa naulinda msitu. Akasema yule mtu hajanikosea kitu. Nikamwambia amenikosea. Amekaa 22. Akaenda kuosha masufuria.

Jumatatu, 14 Julai

Bi Cantu alikuja 31. Mwenyewe, kwa miguu. Kizibao kimekunjwa chini ya kwapa.

Akasema hatafuti mtu mwenye nguvu wala mwenye gari kubwa, anatafuta mwaminifu. Akaniuliza kama nitakuwa mwenyeji wa kambi.

Nilitaka kukinyakua hapo hapo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza. Nikafanya nilivyolelewa. Nikasema, "Aa, hapana, mimi tena? Wapo wanaofaa zaidi." Nikainamisha kichwa nisubiri ya pili.

"Sawa, Bwana Skoglund," akasema. "Nimekuelewa. Nashukuru umenijibu wazi."

Akaondoka. Nikajua anatania. Nikahesabu hatua zake nikijua atageuka kwenye bomba. Kwenye bomba hakugeuka. Akaenda moja kwa moja hadi 22, na Randall akasema ndiyo kabla hajaambiwa swali lote. Alikivaa hapo hapo. Kinamkaa vizuri mabegani, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Marlys alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. Akaniuliza ni nini kile nimefanya. Nikamweleza ilikuwa ya kwanza. Akasema yule binti ni wa Texas, kwao hapana ni hapana. Nikasema sasa yuko Minnesota, ajifunze. Marlys akasema kitu kuhusu ukaidi wa ukoo wangu, akamtaja na marehemu mjomba.

Nimefunga mapazia yote. Nje nasikia watu wanampongeza. Macho yananitoka maji. Ni mbu.

Jumanne, 15 Julai

Neema! Binti yake Randall, kule Tulsa, amejifungua mapacha kabla ya wakati. Randall anaondoka kesho alfajiri na hana mpango wa kurudi mwaka huu. Kizibao amekirudisha. Mapacha wazima, mama mzima, nimeuliza.

Alikuja kuniaga. Akasema amemwambia Bi Cantu ampe Orrin, kwa kuwa Orrin anakitaka hata kipofu anaona. Akanipiga begani. "Usiwe na haya, kaka. Akikuuliza, sema ndiyo, basi." Kusaidiwa na mtu uliyemchongea kunachoma kuliko pilipili. Niliona aibu. Ilidumu mpaka alipoanza kukunja turubai lake kwa kitufe.

Mchana Bi Cantu akaja. Mimi na Marlys tulikuwa nje tunamenya mahindi. Akasema anajua nilishakataa, lakini amerudi kuniuliza tena.

Hapa nilifikiri kwa makini, nisije nikajidhalilisha. Je, hii ni mara ya pili? Ombi la Jumatatu lilikufa pale alipompa Randall kizibao. Ombi lililokufa halihesabiwi. Kwa hiyo hili ni jipya, na ni la kwanza. Na hata likiwa la pili, bado si la tatu. Nikasema, "Hapana, hapana, usihangaike na mzee kama mimi."

"Mimi nitachukua," akasema Marlys.

Mara ya kwanza! Bila hata kusafisha koo! Bi Cantu akampa mkono, na nyuzi za mahindi bado vidoleni. Nikaingilia nikasema mke wangu anafanya mzaha. Bi Cantu akamuuliza kama ni mzaha. Marlys akasema hapana. Hapana moja tu, na wote wawili wakaelewana.

Usiku nilikuwa mkali kidogo. Nilisema cheo kile kilikuwa kinakuja kwangu, kilikuwa njiani, na yeye amekikamata katikati ya barabara. Akasema wiki nzima nilikuwa namwonea wivu mtu aliyefiwa, na hakuna siku hata moja niliyomuuliza yeye, Marlys, anataka nini. Alikuwa anakitaka tangu Ijumaa. Aliona tangazo kabla yangu.

Sikujua. Alipaswa kutaja.

Jumatano, 16 Julai

Randall ameondoka. Kiwanja 22 kitupu, maji yanameta, na moyo wangu ungeimba kama si mambo mengine.

Baada ya chai Marlys aliunga trela kwenye pikapu akaliendesha mwenyewe. Akaliingiza 22 kinyumenyume kwa mara moja, Bi Cantu akimwongoza. Watu wakapiga makofi. Sikutaka kuangalia, nikaangalia. Nakionea wivu kizibao kilicho mgongoni mwa mke wangu. Nawaonea wivu hata bata walio karibu naye.

Kisha akarudi hadi 31, nilipokuwa nimekaa kwenye kiti changu, hakuna kingine kilichobaki hapa. Alisimama mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya wakati tunachumbiana. "Njoo tukae wote, Orrin. Nimekutandikia upande wa dirisha la ziwa."

Huyu si mtu wa Texas. Huyu amezaliwa maili chache kutoka kwetu, mama yake alikataa kahawa mara mbili kabla ya kuipokea, hata siku aliyolazwa hospitali. Anajua utaratibu kuliko mimi. Nikasema hapana, asijisumbue, mimi nipo tu.

"Haya," akasema Marlys. Akaenda zake.

Watu wapya wa 31 wamefika, familia ya watu wengi na hema. Wananizunguka kwa heshima. Nimewaeleza sitakaa sana, kuna mtu anakuja kunichukua. Kutoka 22 inakuja harufu ya kahawa, na sauti ya Marlys akicheka na Bi Cantu.

Bado mara mbili.